Mama Aliponitambua Tena

Ihembe, Karagwe

Mjukuu wangu Deusi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Bibi yako hajambo, kahawa tumeshaianika, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Tunamshukuru Mungu.

Umeniuliza niliachaje sigara, maana wewe umejaribu mara mbili ukashindwa. Mimi nilianza nikiwa kijana mchunga ng'ombe kule Bweranyange, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kuacha. Kisha mama yangu akapofuka. Watoto wake wote alitutambua kwa harufu tulipoinama kumsalimia. Siku moja nikainama, akaniuliza, "Wewe nani?"

"Ni mimi mama, Yustasi."

Akanishika uso, akanusa, akatikisa kichwa. "Nasikia sigara tu. Mwanangu simpati."

Hakunigombeza, lakini niliumia. Nikaacha, nikarudia, nikaacha tena. Hamu ikinibana nilitafuna kahawa kavu, ile tunayowapa wageni. Zilipita wiki nyingi. Asubuhi moja niliinama kimya, sijasema neno, naye akanikumbatia. "Yustasi! Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Aliishi miaka minne zaidi, na kila asubuhi aliniita jina kabla sijafungua mdomo. Hadi leo nashukuru kwa asubuhi hizo kuliko kwa ng'ombe wote niliowahi kufuga.

Kushindwa mara mbili si ajabu, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa na mama. Wewe unaye nani? Niandikie jina lake.

Babu yako,
Yustasi