Adapta ya Tatu

Jumatatu, 29 Novemba 1999

Baba ameuliza tena. Wiki ijayo mwezi wa Ramadhani unaandama, na macho yake sasa hayaoni hata taa ikiletwa usoni. Miaka thelathini watu wa huku Chamazi wamekuwa wakimjia: Mzee Kondo, umeuona? Mwaka huu anataka nimwonee mie, kwa darubini ya kaka Jamali.

Imo sandukuni tangu Jamali aondoke, Februari mwaka jana. Alisema anafika dukani mara moja – hajarudi. Polisi waliandika, wakachoka. Darubini aliinunua Dubai enzi za kazi ya melini. Ina mota. Ukiiunganisha na kompyuta inageuka yenyewe kutafuta nyota.

Laptop ninayo: bosi wangu Filomena, mwenye darasa la kompyuta Magomeni, kaniazima. Shida ni waya. Wa darubini ni wa serial, pini tisa, na tundu la pini tisa kwenye laptop limevunjika. Limebaki la USB tu. Kwa hiyo adapta.

Jumanne, 30 Novemba 1999

Kariakoo. Muuzaji, Talha jina lake, kaniambia zote ni moja, tofauti rangi. Nikachukua ya buluu, ya bei poa.

Baada ya Magharibi nikaitoa darubini uani, betri ya gari pembeni. Nikaiamuru iende kwenye Mshtarii, nyota ile kubwa inayowaka mashariki. Ikanguruma, ikageuka – ikashuka! Ikasimama inatazama kusini, chini, usawa wa minazi.

Nikachungulia. Lile shimo la zamani la mchanga, kama kilomita moja kutoka hapa. Ukingoni kasimama mtu, miguu juu kichwa chini, maana darubini hii hupindua vitu. Shati jeupe, mikono mirefu. Atakuwa mlinzi.

Adapta ikawa ya moto kama pasi, ikakata. Hela imekwenda.

Alhamisi, 2 Desemba 1999

Adapta ya pili, ya Filomena, na disketi yake. Hii haipati moto lakini inameza herufi: natuma kumi, zinafika saba.

Mshtarii, nikaiambia. Ikaenda kulekule. Shimo lilelile, mtu yuleyule, hata mkono hajaubadilisha. Nikaondoa jicho kwenye darubini, nikatazama hivihivi: minazi, na giza linaingia. Nikarudisha jicho. Yupo. Uso huku kwetu.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi ndani, ambayo ni hatua sita. Adapta mbovu hukosea ovyo, leo huku kesho kule. Hizi mbili zinakosea mahali pamoja.

Baba alikuwa kitandani ananisikiliza ninavyofungasha. Kauliza mbona mapema. Nimesema adapta.

Jumamosi, 4 Desemba 1999

Nimerudi kwa Talha, ya buluu mkononi, laptop begani. Hakubisha. Katoa nyingine chini ya meza, ya kijivu, nzito, waya mfupi mnene.

“Hii ghali, sista. Lakini ijaribu hapahapa, usije ukanirudia tena.”

Nikaunga pini ya pili na ya tatu kwa kipande cha waya. Hivyo kila unachoandika kinakwenda hadi mwisho wa adapta na kukurudia kwenye kioo. Nikaandika ukurasa mzima, nusu saa, wateja wananipita. Haikupotea herufi hata moja. Haikupata joto. Nimeinunua.

Jumapili, 5 Desemba 1999

Mshtarii! Katikati kabisa, na miezi yake minne, vinukta tu, imejipanga mstari. Nikaiambia Zohali, ikaenda Zohali. Nikamshika Baba mkono, nikamweleza, naye akawa anacheka kimyakimya kama mtu anayelishwa kitu kitamu.

Halafu nikatoa amri ya kumaliza. Ikashuka kusini.

Nimefungua kumbukumbu ya darubini. Kumbe si adapta. Ukishindwa kuielekeza, au ukimaliza, inarudi mahali palipohifadhiwa. Jamali ndiye aliyepahifadhi, tarehe 12 Februari 1998, siku mbili kabla hajaondoka. Kila mahali unapohifadhi lazima upape jina. Yeye kaandika: YUPO.

Sikuchungulia leo.

Jumatatu, 6 Desemba 1999

Nimekwenda shimoni mchana, jua kali. Lango la mabati, mlinzi mmoja, Benedikto, mtu mzima. Nikampa shikamoo. Kasema pamefungwa tangu ukingo ulipoporomoka, na jioni hakai mtu, hata yeye anahamia barabarani.

Nikamwambia jioni namwonaga mtu wa shati jeupe.

Hakushangaa. Hilo ndilo lililonitisha. Kasema, “Na yule kaka mwenye darubini alikuja kuniuliza hivyohivyo. Nikamwambia asije tena.”

“Akaja?”

Akaanza kufunga lango, huku mie bado nimesimama hapo.

Jumanne, 7 Desemba 1999

Sikwenda kazini. Nimeifuta YUPO. Nimezima, nimewasha, imefutika. Baba sijamwambia kitu.

Jumatano, 8 Desemba 1999

Naandika mbio. Wanaume wanane wako uani, wa msikitini, wametulia kwenye mkeka. Nimewaambia naingia kuchukua miwani. Sivai miwani.

Jua lilipozama nikaamuru mwezi. Ikaenda vizuri, adapta baridi, herufi zote zimefika. Nikauona. Uzi mwembamba mno, unatetemeka kwenye wekundu. Nikafungua mdomo niwaambie.

Mota ikanguruma. Sikugusa kitu. Nikachomoa adapta, ninayo hapa mkononi, waya unaning'inia – ikaendelea kugeuka. Polepole, hadi kusini. Nikachungulia, Mungu anisamehe, sikuweza kuacha.

Leo wako wawili. Wa pili kaegemea mguu wa kushoto, mkono kiunoni. Mtu niliyekua naye nyumba moja, hata ukimpindua miguu juu namjua.

Baba kanifuata ndani, anapapasa ukuta. Kasimama mlangoni, kafunga mlango nyuma yake ili wa nje wasisikie. Nilidhani ataniuliza kama miaka yote wao walivyomuuliza yeye: umeuona?

Kasema, “Umemwona?”

Huko nje wanagonga dirisha, wanasema mwezi unazama, niseme moja wakawatangazie watu. Baba hajasogea. Mkono wake uko kwenye komeo.