Vidole Viwili vya Nafasi

Jumatatu, 13 Januari 2025

Baba mdogo Silvano kaniuliza tena leo, dukani, mbele za watu — eti miaka minne India nilienda kusomea kufunga mizigo? Wakacheka wote. Nikamwambia ni uhandisi wa ufungashaji. Akasema ndiyo hiyo hiyo, shangazi yako anafunga mizigo na ndege hajapanda. Mxiu! Mtu anayepeleka mayai Lushoto kwenye ndoo, yakifika nusu ni uji, ndiye wa kunicheka mimi.

Acha wacheke. Mwaka mzima na miezi miwili nimekaa hapa Gare kwa mama, cheti kwenye bahasha, jembe mkononi, napalilia karoti. Sasa nina miezi mitatu ya majaribio kwenye kampuni ya matunda ya Bwana Sharifu. Masharti yake hayana kona: maboksi mia mbili ya plamsi yafike Dar mazima, napewa mkataba wa miaka miwili na kitengo changu mwenyewe. Yakifika rojo, wao wanarudi kwenye matenga yao, mimi kwenye karoti.

Boksi nimelichora mwenyewe. Matundu ya hewa kumi na mawili. Pembe nene, uzito wote ukae kwenye pembe, tunda lisiguswe. Ni zuri jamani! Na huku kwetu hakuna hata mmoja mwenye macho ya kuliona.

Jumatano, 15 Januari

Nilijua wataniharibia. Nilijua!

Wafungaji bandani ni wanawake kumi na mmoja. Kiongozi wao Mama Mwanahamisi, ana miaka sitini na kitu, amefunga plamsi tangu sijazaliwa — kwenye tenga, na majani makavu ya mgomba. Nimemwamkia shikamoo, akanijibu marahaba injinia, wenzake wakaminya vicheko. Nikawaeleza taratibu, kama watoto wa chekechea: jaza, acha vidole viwili juu, funika, bandika gundi. Wakaitikia ndiyo, ndiyo, tumeelewa.

Nimetoka robo saa tu kuongea na simu. Kurudi — lumbesa! Lumbesa kwenye boksi lenye mfuniko! Wamejaza mpaka mdomoni, wakapandisha kilima juu, mfuniko ukabaki umekaa juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima, wakaufunga kwa kamba ya katani. Maboksi thelathini. Na wanajisifia!

Nikauliza nani kawatuma. Mama Mwanahamisi kasema, mwanangu, hatuwezi kumpelekea mtu kitu kina pengo. Akifungua akaona nafasi atasema tumempunja. Kilima ndiyo heshima ya mfungaji.

Heshima! Ukipanga boksi jingine juu, mzigo wote unabebwa na hizo plamsi za heshima. Mpaka Mombo, na zile kona, ni juisi. Nimewaambia hivyo. Nimewaambia pia kwamba ndiyo maana miaka yote matunda ya milima hii yanafika mjini yananuka. Na kwamba mtu asiyesoma aufuate mkono wa aliyesoma. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti.

Kilima cha kila boksi nimekiondoa kwa mikono yangu, wao wamesimama wananiangalia. Hakuna aliyeshika hata tunda moja kunisaidia.

Alhamisi, 16 Januari

Kuna jambo.

Nimeweka boksi moja kwenye mizani. Kilo nane. Nikaweka jingine. Nane. La tatu, nane na robo.

Ubavuni mwa kila boksi pameandikwa kwa wino wa kijani UZITO KILO 9. Niliyapeleka kiwandani kupigwa chapa kabla sijaamua kuacha vile vidole viwili. Nikasahau kubadilisha. Ni hivyo tu. Hata profesa angesahau.

Nikimwambia Bwana Sharifu atasema niyafute kwa mkono, au nichape mengine, na msimu wa plamsi haumsubiri mtu. Halafu atauliza hiyo India walinifundisha nini. Sasa nani atapima? Watu wa huku wanapima kwa macho na kwa kilima. Sijawahi kumwona mchuuzi wa plamsi na mizani mbele yake. Kinachopimwa ni matunda mangapi yamebondeka, basi.

Nimenyamaza.

Ijumaa, 17 Januari

Fuso limeondoka saa nne asubuhi. Dereva ni Omari, mtoto wa mwisho wa Mama Mwanahamisi. Anaendesha na ndala, redio juu, mkono mmoja nje dirishani. Nimemwambia kona za Mombo aende taratibu, kasema injinia, hizi kona zilinilea. Wanapenda maneno hawa, kazi hawaijui.

Mama yake alimpa chupa ya chai na kumsomea dua kimya kimya. Mimi nilihesabu maboksi.

Jumatatu, 20 Januari

MAWILI KWA MIA! Katika kila plamsi mia, mbili tu ndizo zimebondeka! Bwana Sharifu kapigiwa simu na mnunuzi, kaja mwenyewe mpaka bandani kuniambia. Kwa matenga huwa thelathini, arobaini. Mkataba unachapwa, nasaini Jumatatu ijayo.

Nimepita makusudi dukani kwa baba mdogo. Nimenunua sabuni ambayo siihitaji. Nikamwambia habari ya mizigo yangu ni njema. Uso wake! Ningekuwa na picha ya ule uso ningeitundika ukutani.

Wanawake bandani nimewapa habari, wakaendelea na kazi. Mama Mwanahamisi kasema Mungu asifiwe, mzigo umefika. Hakusema hongera. Wivu tu.

Jumatano, 22 Januari

Mnunuzi amepima.

Hapo mwanzo aliangalia matunda tu. Jana alipoanza kugawa kwa wateja wake wa hotelini, wao wakapima, ndipo naye akapima. Kila boksi limepungua kilo. Kilo mia mbili hazipo! Na kila boksi lina pengo juu, la vidole viwili, sawasawa — mtu kapunguza kwa mkono, ndivyo alivyosema. Na kulibandika upya si kazi, gundi inauzwa kila duka.

Omari alisimama njiani, Mazinde, kwa saa tatu nzima, tairi lilipasuka. Alisema mwenyewe, tangu siku aliyofika Dar, bila kuulizwa. Sasa ndilo jambo la kwanza wanalomshikia. Alikuwa bado Dar akisubiri mzigo wa kurudi nao. Yuko mahabusu.

Bwana Sharifu ameniita ofisini. Kaniuliza, wewe ulisimamia ufungaji, yaliondoka na kilo tisa? Nikasema maboksi yameandikwa kilo tisa.

Ndivyo nilivyosema. Si uongo. Yameandikwa.

Kasema alijua tu, vijana wa siku hizi wana mikono mirefu. Mkataba wangu uko pale pale, niliuona mezani, jina langu limechapwa vizuri, Jenoveva, hawakukosea hata herufi.

Alhamisi, 23 Januari

Bandani. Hakuna anayeniongelesha. Nilidhani watanisema — wote kumi na mmoja waliniona naondoa. Hawasemi. Bwana Sharifu alipita, akawauliza mnajua lolote? Wakaangalia chini. Waoga! Wajinga na waoga! Ningekuwa mimi ningesema.

Hapo nimejiudhi mwenyewe.

Asubuhi hii, kabla hawajafika, nimejaza boksi moja kwa mtindo wao. Mpaka mdomoni, na kilima juu. Nikaliweka kwenye mizani.

Kilo tisa. Kamili. Nimelimwaga haraka.

Jumamosi, 25 Januari

Sijaenda kazini, nimesema naumwa. Saa nane mchana hodi mlangoni. Mama Mwanahamisi. Katembea kutoka kwake mpaka huku Gare, kanga imelowa ukungu, viatu vina udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Mama kamkaribisha kwa Kishambaa, wakaulizana hali za nyumbani wee, mimi nimekaa pale kama sanamu, hata shikamoo niliikumbuka baadaye.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, ningejua la kujibu. Alisema polisi wanataka maelezo ya mzigo kwa maandishi, na yeye kuandika hajui, wala hataki kumtuma mtu wa mtaani. Akasema mwanangu, wewe umesoma.

Nikamuuliza niandike nini.

Akasema sijui, andika unachokijua. Kisha akaangalia mikono yake. Kile kilima ulichokiondoa, mwanangu — kilikuwa kilo ngapi?

Mama akasimama na birika mkononi, ananiangalia. Hajui lolote, lakini mama ni mama.

Nikasema ngoja nikachukue kalamu.

Nimeingia huku chumbani, nimefunga mlango, nimekaa kitandani. Robo saa sasa. Karatasi ninayo. Kalamu ndiyo hii naandikia.

Mwanamke mjinga! Angeenda kwa Bwana Sharifu moja kwa moja, na wale kumi nyuma yake, yangekwisha siku ileile. Kwa nini aje kwangu? Kwa nini aniachie mimi?

Mama anagonga. Jenoveva, mgeni anataka kuwahi, mvua inashuka, unafanya nini humo?

Namsikia Mama Mwanahamisi anamjibu, taratibu kabisa, muache mtoto, anaandika.