Taa Iliyopata Ufa

Silibwet, Julai 1996

Kwako Baba Dorine,

Huku nyumbani tunakukumbuka kila siku, na ng'ombe amezaa ndama jike. Kipkurui, mkimbiaji mwenzako, amerudi kutoka mbio za Italia akatuletea ile taa ya udongo uliyotununulia Roma. Mama yako amecheka sana kusikia kwamba Warumi wa kale nao waliishi na koroboi. Mimi niliitia mafuta ya taa, udongo ukayanywa, na ugali ukanuka mpaka Dorine akalala na chai tupu. Sasa tunatumia mafuta ya kupikia na inawaka vizuri. Ilipata ufa njiani, kwa hivyo inavuja kidogo, lakini nimeiweka juu ya kisahani.

Kipkurui hakutaka kusema habari zako. Nilimbana mpaka akaniambia kuhusu goti lako lililokutoa mbioni, na kwamba unaosha vyombo hotelini kwa sababu unaona aibu kurudi mikono mitupu. Mama yako aliposikia aliinuka. Alichukua kibuyu akaanza kukiosha, akugandishie maziwa ya mursik ya kukupokea.

Usingoje goti lipone, Baba Dorine. Visahani tuko navyo.

Ni mimi wako,
Chepkurui