Ramani ya Kitaya Iliyofungwa kwa Root

KITUO CHA POLISI, MTWARA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rehana Iddi Nambunga. Umri: miaka 34. Kabila: Mmakonde. Dini: Mwislamu. Kazi: mchambuzi wa takwimu, kituo cha tahadhari ya mafuriko. Makazi: Rahaleo.

Mimi ndiye ninayesoma ramani ya maji ya Mto Ruvuma. Ramani hiyo inafunguka kwenye programu iliyo katika kompyuta inayotumia mfumo wa Linux. Kompyuta hiyo ina mtumiaji mkuu anayeitwa root, mwenye ruhusa ya kila kitu. Sisi wengine tunagusa faili zetu tu. Fundi wetu Idrisa aliiweka programu kwenye folda yangu makusudi, nisihitaji root hata siku moja. Alituonya mimi na bosi: "Msiifungue kwa root. Faili zitakuwa za root, na Rehana atabaki nje."

Mnamo tarehe 25/04/2025, siku ya Ijumaa, nilirudi kutoka kula nikamkuta mkuu wa kituo, Bwana Hashimu, ana wageni. Kompyuta ilikuwa imemkatalia folda yangu, naye akaingia kwa root. Nilimwambia, "Bosi, siyo kwa root, nipishe nikufungulie." Alinijibu mbele za watu, "Yaani niombe ruhusa kwenye kompyuta ya ofisi yangu?" Wageni walicheka. Ramani ilifunguka, wakapiga picha. Kisha aliondoka kwenda msibani Newala. Nywila ya root anayo yeye peke yake.

Kesho yake, siku ya Muungano, nilikuwa zamu peke yangu. Asubuhi nilifungua programu, dirisha likatokea na kufungika. Maandishi yalisema sina ruhusa. Mipangilio na takwimu za maji, vyote vilikuwa vya root. Nilimpigia Bwana Hashimu, simu imezimwa. Nilipiga tena na tena. Jamani, mtu unaondokaje na ufunguo na simu unazima?

Saa nne hivi shangazi yangu, Mwanakombo Nambunga, alinipigia kutoka Kitaya, kijiji kilicho kando ya Ruvuma. Alikuwa bondeni, kwenye dungu, analinda mpunga wake. Alisema, "Mwanangu, mto umebadilika rangi. Ramani inasemaje?"

Nilimwambia, "Shangazi, ondokeni tu."

Akauliza, "Umeona, au unaogopa?"

Afande, watu wa Kitaya wana sababu ya kuuliza hivyo. Mwaka jana ofisi yetu iliwaondoa bondeni kwa kubahatisha. Maji hayakuja, viboko wakaingia wakamaliza mpunga. Tangu hapo walikubaliana kwamba hawaachi shamba mpaka mtu wa Mtwara aseme ameona. Na aliyewashawishi wakubali ni mimi.

Nilimjibu, "Sijaona. Haifunguki." Shangazi ndiye aliyenilea, sijawahi kumdanganya. Alisema, "Haya, ukiona nipigie, nitawaambia wenzangu." Alikuwa anatafuna kitu, nadhani muhogo.

Nilimpigia Idrisa. Alinielekeza kwa simu niweke programu upya kwenye folda nyingine yangu, bila root, na kupakua takwimu zote upya. Njia ilikuwa sahihi, ila mtandao wa ofisi ni wa kusuasua. Nilikaa naangalia asilimia zinavyopanda. Sikula, sikuswali adhuhuri, Mungu anisamehe.

Ramani ilifunguka muda mfupi kabla ya magharibi. Bonde lote la Kitaya lilikuwa la bluu, yaani maji yameshajaa. Nilimpigia shangazi, simu ikaita mpaka ikakata. Nilipiga tena, haikuita.

Jumatatu walimpata kwenye matete, na majirani zake wawili. Nilimtambua kwa kanga, niliyomnunulia mwenyewe.

Siku hiyo hiyo Bwana Hashimu alikuja nyumbani kutoa pole. Alinivuta pembeni akasema, "Polisi wakikuuliza, sema kompyuta iliharibika. Kumbuka sote tunakula pale." Nilirudi ndani, nina hasira mno.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: R. I. Nambunga

Mimi Koplo Kelvin Mrope nimeandika maelezo haya kwa usahihi na kumsomea shahidi. Mwanzoni niliandika chanzo kuwa ni "kompyuta kuharibika". Shahidi alikataa kusaini. Alisema kompyuta ilikuwa nzima, na kwamba shangazi yake angetaka kujua ni nani aliyeifunga ramani. Nimefuta maneno hayo, naye akasaini.