Mama Aliombwa Namba ya Akaunti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Paa limeacha kuvuja, na mume wangu sasa anapika wali usioungua, ingawa chumvi bado anaimwaga kama anazima moto.

Najua mama amekwisha kukusimulia, basi sikia na kwangu. Alinipigia Jumapili kunijulia hali. Nikapokea kama nipokeavyo simu za wateja kazini: "Asante kwa kupiga huduma kwa wateja. Nikusaidie nini?" Akasema, "Ni mimi, mama yako." Nami, Shangazi, nikamwomba namba ya akaunti.

Alicheka mpaka akakohoa. Nilipokata simu nilikaa sakafuni jikoni nikalia, wala sikujua nalilia nini.

Kesho yake nilimweleza msimamizi wetu kazini, nikidhani naye atanicheka. Akasema, "Mimi juzi nilimwambia mwanangu asubiri kwenye laini. Amesimama mbele yangu, kashika sahani." Tukatazamana. Tangu siku hiyo, kwa ruhusa yake, mtu akitukanwa na mteja anavua visikilizi vya masikioni, anatoka nje kupunga upepo, na hakuna anayemuuliza. Nami nimepewa ile likizo niliyokuwa naogopa hata kuiomba.

Nakuja kwako Ijumaa. Usihangaike na lolote, nataka kulala tu.

Jana mama alipiga tena. Nilipokea, nikaimeza ile salamu ya kazini, ndipo nikasema, "Mama."

Naye akasema, "Eeh. Huyo ndiye niliyekuwa nampigia."

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako