Siku Tulipokuona Kwenye Filamu ya Uingereza

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii naiweka wazi mtandaoni, huenda mtu huko Uingereza akakuonyesha.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kwa jirani hapa Ilala kutazama zile filamu za maisha ya Waingereza? Treni za chini ya ardhi, watu wanakunywa chai bustanini, mbwa kavalishwa sweta! Ulikuwa ukisema, "Mimi nitaishi humo." Ukaenda kweli. Ukatuambia umepata kazi ya ofisini, na mama hakuweza kunyamaza. Kila aliyeingia dukani kwake Kariakoo kununua khanga aliondoka na habari zako.

Mwaka jana ikaonyeshwa filamu nyingine, ya jinsi Waingereza wanavyotunza wazee wao siku hizi. Sebule yetu ilikuwa imejaa wageni. Mara ukatokea wewe, umepiga magoti, unamvalisha soksi bibi wa Kizungu. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe ofisi yenyewe ndiyo hii!" Akakupigia palepale, akaweka spika, akayarudia mbele ya watu wote. Ukakata.

Laiti ungesubiri kidogo, dada. Ungemsikia mama akimwambia kaka yake, "Toka kwangu. Mwanangu hajaiba." Mjomba hajakanyaga hapa tena. Lakini wewe ulikuwa umeshakata, na hadi leo hatujakusikia.

Macho ya mama yameingia ukungu, duka nimelishika mimi. Filamu ile niliitafuta nikainakili, na jioni nikirudi huniambia, "Niwekee ya Mwanaidi." Sura yako haioni tena, anasikiliza tu, na Kiingereza chenyewe hakijui. Juzi akanishika mkono ghafla. "Rudisha nyuma. Hapo, hapo."

Nikarudisha. Bibi yule analalamika mguu, nawe unamwambia taratibu, kwa Kiswahili, "Pole mama. Pole." Siku ile vicheko vilikufunika, hakuna aliyesikia.

Nilidhani atafurahi. Akauelekeza uso kwenye televisheni asiyoiona.

"Yule anamwita mama," akasema. "Mimi ataniita lini?"

Swali hilo nakuletea wewe, dada.

Mdogo wako anayekaa na mama,
Zuhura