Chapati za Barasa

Jumapili, Muaither.

Nani alinituma kumdanganya Barasa? Ningesema tu kwamba naenda Japani.

Niliona aibu, basi. Binamu yangu huyu naye yuko huku Uarabuni, ni mlinzi kule Pearl kwa matajiri, wanalala wanane chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi Industrial Area, na siku yake ya mapumziko ni Ijumaa pekee. Ijumaa huja kwangu. Safari hii nilimwambia niko zamu wadini wikendi yote, na kumbe niko Nara, mji wa mahekalu ya kale, nalisha kulungu biskuti! Wanakuinamia kwanza ndio uwape. Nilicheka mpaka machozi.

Asubuhi nimerudi, mlinzi wa geti akanikabidhi mfuko. Chapati. Barasa alizipika kambini akazileta Ijumaa, nizikute nikitoka kazini.

Nimezipasha, nikala mbili nimesimama, kisha nikampigia kumshukuru.

"Usijali, dada. Hata kwenye ibada ya Ijumaa kanisani nilisimama nikaomba wakuombee. Hiyo hospitali itakumaliza."

Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo.

"Wagonjwa walikusumbua sana?" akauliza.

Nikamjibu, "Sana."